Ampli ya Papa Mulenda na Kazi Niliyoifanya Bure

Laki moja na tisini elfu, pesa za Burundi. Hiyo ndiyo hesabu ya ampli ya Papa Mulenda, ile mashine yake ya kukuza sauti, nami nimeihesabu mara mbili kama kawaida yangu: laki na ishirini ampli yenyewe, arobaini transfo, kumi na tano mikro, yaani maikrofoni, nane waya na jeki ya kuchomekea, saba teksi ya kutoka Kibenga hadi Bwiza. Kazi ya mikono yangu haimo humo kwa sababu niliifanya bure, na hiyo ya bure ndiyo imetugharimu kuliko zote. Leo Papa Mulenda yuko kwake Carama, harmonika yake, kile kinanda cha mdomo, ameifunga kwenye kitambaa, na kuganduka kwa mke wake, ile siku ya kumaliza matanga, inakaribia naye anasema hana pumzi ya kumpigia. Anadhani ni pumzi. Nitafika huko.

Zuberi na wenzako mliobaki pale mezani, siku naaga mliniambia nisiondoke na kazi yote kichwani. Haya, naiteremsha. Juu ya mshahara sina la kusema: miaka yote nilijiajiri mwenyewe, na bosi wangu alikuwa bahili. Juu ya vyeo pia sina. Nilianza fundi na nimemaliza fundi, ila miwani tu ndiyo imekuwa ikipanda.

Siku yangu ya kwanza sikushika hata bisibisi. Bwana Sadiki alikuwa na meza yake kwenye baraza ya duka la vitambaa, hapa hapa Bwiza. Alinikalisha juu ya debe la mawese, akaniambia nifumbe macho, akawasha redio ya mteja.

"Unasikia nini?"

"Nasikia mutu anasoma habari."

"Huyo analipwa kusoma. We sikia kilicho nyuma yake."

Nikasikiliza. Nyuma ya yule msomaji kulikuwa na kitu kama ng'ombe aliyefungiwa mbali.

"Kunanguruma."

"Vizuri. Sasa njo umeanza kazi. Kesho ulete chai yako mwenyewe."

Nilikaa wiki nzima nimefumba macho. Nilijifunza mngurumo wa kondansa iliyokauka, mkwaruzo wa kitufe chenye vumbi, na ile sauti iliyochanika ya spika ambayo karatasi yake imetoboka. Bwana Sadiki hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa na moja alilolirudia mpaka wapita njia wakalijua. "Sauti ni kama maji ya kutawadhia," alisema. "Yakibadilika rangi, ao harufu, ao ladha, hayafai. Tafuta mengine." Mimi nilikuwa kijana wa madrasa, neno hilo liliniingia likakaa. Toka siku hiyo kila sauti niliyoikuta ina rangi niliiosha.

Jambo la pili alilonifundisha ni mkono mfukoni. Zamani ampli na redio kubwa zilikuwa za lampu, zile chupa za kioo zenye moto mwekundu ndani, na ndani ya sanduku lake kuna umeme wa kumuua farasi. Unapima kwa mkono mmoja. Wa pili uko mfukoni, ili umeme ukikukamata usipite kifuani kwenda mkono wa pili. Wateja walidhani ni madaha. Mmoja aliwahi kumwambia Bwana Sadiki, "Huyu kijana wako anafanya kazi kama anangoja basi." Bwana Sadiki akamjibu, "Afadhali angoje basi kuliko jeneza." Na kabla ya kugusa kondansa kubwa, mlaze kwanza: pitisha umeme wake kwenye rizista mpaka uishe, kwa kuwa kondansa hukaa na umeme hata baada ya kuchomoa waya. Nyinyi wa simu mnacheka. Siku moja mtaletewa kitu kikubwa kuliko kiganja.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, nyingine ngumu kwa sababu ya wenyewe kuliko vyombo vyao. Mwenye baa mmoja wa jirani alileta ampli iliyokuwa inapandisha sauti yenyewe, mchana, baa ikiwa tupu. Alikuwa ameshampelekea mganga. Nilipofungua nikakuta familia ya mende imehamia kwenye joto la transfo, na kila wakipita juu ya kitufe cha sauti, muziki unapanda. Niliwatoa mende, nikamtoza bei ya mganga pungufu elfu moja ili aone faida. Wiki nyingine mezani palikuwa na ampli ya msikiti na ampli ya baa, ubavu kwa ubavu, zote zina ugonjwa uleule. Sikuuliza nani alimwambukiza mwenzake. Nilizisafisha zote mbili zikawa kama maji.

Lampu zilipotoweka nilijifunza transista. Transista zilipotoweka niliwaacha nyinyi mjifunze vile vitu vya kuangaliwa kwa darubini. Nilikuwa nimeanza kufikiria kufunga meza ndipo alipokuja Papa Mulenda.

Ni mtu wa upande wa Uvira, muuza viatu vya mitumba hapa Bwiza, mrefu, mwembamba, mwenye kikohozi kifupi kama mtu anayebisha hodi. Ujanani aliugua kifua kikuu akapona, lakini pafu moja halikurudi sawasawa. Yeye mwenyewe husema: "Mi nina mapafu mawili. Moja linafanya kazi, lingine ni mpangaji asiyelipa." Kwa hilo moja alikuwa anapiga harmonika, na anachopiga ni bluzi. Alijifunza kwenye kanda za kaseti kabla hajaanza kunyoa ndevu. Nilimuuliza bluzi ni muziki gani, akasema ni wa watu waliofanya kazi bila kulipwa. Nikamwambia basi Bwiza yote ni bluzi.

Jumamosi alipiga kwenye baa ya watu wa kwao. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kwenye kuganduka. Mtu akimaliza matanga ya mzazi au mke, baada ya chakula na hotuba, Papa Mulenda husimama akapiga wimbo mmoja tu, na ni huo unaowapa wafiwa ruhusa ya kurudi kwenye muziki. Kwa watu wake, matanga yasiyofungwa na harmonika ya Mulenda ni kama sahani iliyooshwa bila kusuuzwa. Alileta kwangu spika yake ya kichina, ile ya betri na taa za rangi, iliyokuwa inapiga mluzi kila akisogea.

"Fundi, hii inataka nipulize kama naita mutu wa ng'ambo ya ziwa. Kifua hakina hiyo nguvu."

"Nunua kubwa."

"Si ukubwa. Sikiliza." Akatoa simu, akanisikilizisha mtu fulani wa mbali akipiga harmonika kama yake. Sauti ilikuwa nene, imekwaruzika, kama kitambaa kizito kinachochanwa polepole. Nikamwambia ukweli wa kitaalamu.

"Papa Mulenda, hiyo ampli iko mubovu."

"Basi nitafutie mubovu."

Nilicheka. Ningelikaa na neno hilo vizuri siku ile, karatasi hii isingekuwapo.

Sauti ile niliijua ilikotoka: ampli ndogo ya lampu inayopewa kazi kuliko uwezo wake. Nikauliza kwa watu wangu wa vyuma na vyombo vya zamani, na mwishowe nikaelekezwa Kibenga, kwa mwalimu mstaafu aitwaye Madamu Beatrisi. Baba yake alikuwa katekista aliyezunguka milimani na mashine ya sinema ya misheni, akiwaonyesha watu filamu kwenye shuka. Mashine yenyewe ililiwa na kutu, lakini ampli yake ilikuwa bado stoo, ndani ya sanduku kama la safari, na spika yake kwenye kifuniko.

Nilikwenda na Mama Neema, mke wa Papa Mulenda, kwa sababu pesa zilikuwa kwenye kitenge chake. Nilimpa somo njiani: usiangalie sanduku, usiulize sanduku, mambo ya sanduku niachie. Kanuni yangu ya sokoni mnaijua, unaanza na usichokitaka. Stoo palikuwa na pasi ya mkaa. Nikaishika pasi, nikaisifu pasi, nikauliza bei ya pasi.

Madamu Beatrisi alinitazama juu ya miwani yake. "Musiyo fundi, mikono yako iko kwenye pasi na macho yako iko kwenye sanduku. Mi nimefundisha darasa la pili miaka mingi. Najua mutoto anayeangalia dirisha."

Hapo nilijua nimekutana na mwenzangu. Sanduku alitaka laki tatu. Nikasema elfu sitini. Akasema elfu sitini ni bei ya kulifungua. Nikalifungua bure, nikamwonyesha kutu, nikamwonyesha karatasi ya spika iliyogandishwa kwa gundi na mtu asiyejua gundi, nikamwonyesha kwamba ni ya umeme wa mia na kumi na sisi tuna mia mbili na ishirini, kwa hiyo ukiichomeka ovyo inakufa kwa sekunde. Akashuka laki na themanini. Nikapanda themanini. Akashuka laki na hamsini, akakaa hapo kama amejengwa.

Mama Neema, niliyemkataza kusema, akasimama akajitwisha mkoba. "Twende zetu, Fundi. Bwana mwenyewe hana pumzi, sanduku la nini? Nilitaka tu nimusikie vizuri kabla mumoja wetu hajaenda."

Madamu Beatrisi akamwangalia, si mimi.

"Anapiga nini, bwana yako?"

"Harmonika, Madamu. Nyimbo za huzuni. Jirani wanafikiri namupiga."

Yule mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. Laki na ishirini. Katika kazi yangu yote sijawahi kuona bei ikishuka elfu thelathini kwa neno la kweli. Mimi hutumia uongo, na hauendi mbali hivyo.

Transfo ya kushusha umeme niliipata kwa mtu wa mafriji. Mikro nayo si ya kawaida: ni ya foni, ile redio ya mawasiliano ambayo kabla ya simu za mkononi wafanyabiashara waliitumia kuita Uvira na Bukavu. Ina kichwa cha mviringo kinachojaa ngumi. Papa Mulenda huishika pamoja na harmonika, mikono yote miwili ikifunika kama mtu anayemnywesha ndege maji. Ufunikaji huo ni nusu ya sauti. Akiachia upenyo, inakuwa nyembamba. Akifunga, inanenepa.

Siku ya kuijaribu tuliiacha lampu ipate joto kwanza, dakika kama tano, mpaka ile nyekundu itulie. Papa Mulenda akapuliza. Hakupuliza hata, alipumua tu. Ile ampli ikavuta pumzi yake ndogo, ikainama kidogo, halafu ikavimba ikajaza baraza nzima, nene, imechanika pembeni. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kitufe cha kuzima. Miaka arobaini ya Bwana Sadiki ilikuwa imeunyanyua wenyewe.

"Apana! Wacha, Fundi! Usiguse!"

Nikaacha. Mama Neema alikuwa amekaa kwenye lile debe, amejishika mashavu.

"We Mulenda," akasema, "umepata kifua cha pili."

"Cha bei gani?"

"Cha kwangu. Ukinikera naenda nacho."

Nawaandikia jinsi ya kuitumia, maana siku moja mtaletewa kama hiyo. Msiiweke mbele ya mpigaji ikimtazama usoni, itapiga mluzi: iwekeni ubavuni, juu ya kiti, nyuma kidogo ya bega. Sauti ya juu ipunguzeni, ya chini mwachieni mwenyewe. Jioni umeme wa kartie, wa mtaa mzima, ukilegea, msiongeze kitu. Papa Mulenda alidai Jumamosi za umeme dhaifu ndizo zilizokuwa tamu zaidi. Nilidhani ni ushirikina wa wanamuziki. Aliipiga hivyo karibu miaka miwili, kwenye baa na kwenye kila kuganduka, na Mama Neema akikaa karibu na ampli, si karibu na mume, akisema huko ndiko anakosikika.

Kisha Mama Neema akaugua, na kabla mvua hazijakatika tukamzika. Kwa desturi mfiwa hagusi muziki mpaka matanga yaishe. Ampli ikafunikwa kitenge, ikakaa miezi bila kuwashwa. Na kitu cha lampu kisichowashwa huumwa, kama mtu asiyetembea. Papa Mulenda alipoiwasha kidogo kuona kama bado iko hai, ilimjibu kwa mngurumo mzito. Akaileta mezani mwenyewe, kwa mkokoteni.

"Kuganduka ya Mama Neema inakaribia. Nimepigia watu wote wa Carama wake zao. Wangu siwezi kumupigia na hii kelele. Toa mngurumo tu, Fundi."

Mngurumo tu. Alisema hivyo, na Zuberi ulikuwapo.

Hiyo ilikuwa wiki ya mwisho ya meza yangu. Nilikuwa nimeshauza vyombo nusu, na nilitaka kazi ya mwisho iwe ya kuonekana. Na nilimpenda Mama Neema kama dada aliyenishinda sokoni. Nikasema moyoni: huyu sitamtoza, na sitatoa mngurumo peke yake, nitaifanya mpya. Katika maisha yangu sijatoa kitu bila kukipigia bei, wala sijapokea. Ile ilikuwa mara ya kwanza, na mkono usiozoea kutoa hautoi kwa kipimo.

Mngurumo ulikuwa kondansa mbili zilizokauka. Ningebadilisha hizo mbili ningemaliza kabla chai haijapoa. Nilibadilisha zote. Lampu inayotengeneza umeme wa ndani ilikuwa imechoka, kila ukiisukuma umeme unashuka kidogo halafu unarudi. Niliitoa nikaweka dayodi, ambazo hazichoki na hazishuki. Rizista zote zilizopoteza namba zake nikaweka mpya. Na ile spika ya gundi, karatasi laini kama ya kufungia sukari, niliing'oa nikafunga mpya kutoka dukani, ngumu, kavu, safi. Ya zamani niliiuza kwa kilo kwa mtu wa vyuma aliyekuwa akipita. Ni tabia. Hata nikitoa bure lazima kitu kirudi.

Nilipoiwasha haikunguruma. Haikukwaruza. Nikaipima kwa kanda ya mawaidha, sauti ilikuwa maji. Bwana Sadiki, Mungu amrehemu, angetawadha kwayo.

Papa Mulenda akaja. Akashika mikro na harmonika, akapumua kama alivyozoea. Ikatoka sauti ndogo, nyembamba, sahihi kabisa, yenye ukubwa uleule wa pumzi yake. Akapuliza zaidi. Ikaongezeka kidogo, kwa haki, kama mizani. Akapuliza kwa nguvu akakohoa, akakaa kwenye debe, akakohoa tena. Nikampa maji.

"Iko je?" nikauliza, nikingoja sifa zangu.

Aliilaza mikro juu ya ampli. "Iko muzuri sana, Fundi. Iko safi. Hata redio haiko hivi." Akatoa pesa, nikamkatalia. Tukavutana mkono mpaka wapita njia wakafikiri tunagombana. Aliondoka na mkokoteni wake, nami nikafunga meza nikijisikia mtu.

Miezi miwili baadaye, baada ya Idi, nilimpelekea nyama Carama. Nilikuta ampli ukutani, juu yake televisheni. Neema, binti yake, alitukaribisha nyama na ugali, tukala. Nikamuuliza Papa Mulenda maandalizi ya kuganduka yamefika wapi, na ni wimbo gani atakaompigia mama.

"Tutachukua dijei," akasema.

"Dijei? Kwa Mama Neema?"

"Kifua kimeisha, Fundi. Minakuambia wewe kwa sababu utanielewa. Ile ampli ya mwanzo ilikuwa inanidanganya. Na mi nilikuwa nadanganyika, nilifikiri bado niko mwanaume. Hii yako imenisemea ukweli." Alicheka, akabisha hodi ile ya kifuani kwake. "Si kosa lako. Daktari naye husema ukweli, utamuchukia?"

Neema akaniwekea nyama nyingine. "Mzee Hamisi, mbona hauli?"

Nilikula. Sijui nilikula nini. Njiani kurudi ndipo hesabu ilipofunga, na niliipiga mara mbili kwa matumaini kwamba mara ya pili itakataa. Yule mtu alikuwa na pumzi ileile aliyokuwa nayo Jumamosi zote za baa. Udhaifu wa ile lampu, kondansa zinazovuja, karatasi laini ya spika, hivyo vyote vilikuwa vinachoka pamoja naye na kuinuka pamoja naye. Pumzi ndogo iliingia, ampli ikalemewa, ikavimba. Ndiyo maana alipenda umeme dhaifu. Mimi niliyefundishwa kumsikia ng'ombe wa mbali nyuma ya msomaji wa habari, sikusikia kwamba hapa ng'ombe ndiye alikuwa wimbo. Nimemtoa mtu kifua kwa nia njema na risasi ya kulehemu, bila malipo.

Nilirudi Carama kesho yake nikasema nataka kuipangusa vumbi ya ndani. Alinipa. Iko hapa kwangu sasa, chini ya kitanda. Ile lampu nilikuwa nayo bado, kwa sababu kioo hakinunuliwi kwa kilo, nimeirudisha mahali pake. Ilinichukua siku nzima. Mkono wangu wa kulia siku hizi unatetemeka hata nikitia sahihi, na kulehemu ni mbaya kuliko sahihi. Nimewasha, nimepumua kwenye mikro kwa mdomo wangu usiojua harmonika. Kuna kitu kimeinama kidogo. Lakini spika ile mpya inasimama wima kama askari wa getini, haikubali kuvimba. Mtu wa vyuma nimemfuata mpaka anakopeleka mizigo. Ile spika ya zamani ilishayeyushwa.

Kwa hiyo nauliza, na sioni haya, maana nimekwisha kuwa mstaafu. Kwanza, mwenye spika ya zamani ya karatasi laini, inchi nane, iwe ya redio kubwa, ya sinema, ya kinanda cha kanisa, hata iliyochanika, hasa iliyochanika, aniambie bei. Sitapunguza hata faranga. Mnaonijua mnajua hilo ni neno zito. Na mwenye mkono usiotetemeka aje aifunge, nimlipe.

La pili ndilo linaloninyima usingizi, na sina wa kumuuliza, Bwana Sadiki hayupo. Papa Mulenda ameshakubali kwamba amekwisha. Amelikubali vizuri, kwa utani wake, kama mtu aliyelipa deni la mwisho. Nikienda leo nikamwambia kifua chake ni kilekile, kwamba ni mimi, na spika nisiipate, nitakuwa nimempokonya mara mbili: kwanza sauti, halafu na hiyo amani. Nikinyamaza mpaka nipate spika, na siku ikanipita, mama wa watu ataondolewa matanga na muziki wa kompyuta, na mume wake amekaa kwenye kiti anaamini hakuweza.

Ijumaa dijei anakuja Carama kuchukua avansi, malipo yake ya mwanzo, na avansi ya dijei, hapa Buja, hairudi. Nitapita pale mezani Alhamisi baada ya alasiri. Semeni mlionalo: nimwambie, ao ningoje?